Gundi Si Uji

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Roza amejibandika jani la mkorosho kitovuni. Sasa hivi. Nimegeuka kuchukua mwiko, kurudi namkuta amekaa chini, tumbo mbele, jani limeshika, anajipigia makofi. Kidole alikichovya kwenye sufuria ya gundi. Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikalibandua kwa maji kidogo, polepole, asichubuke. Kalilia jani lake.

Daftari hili kanipa Baba Roza. Lilikuwa la vipimo, kurasa za mbele amechora boriti. Mimi naandika kuanzia nyuma. Niliishia darasa la nne kule Masasi, na mwalimu alisema mwandiko wangu unazishinda hesabu zangu. Ni kweli.

Kazi yangu siku hizi ni gundi. Wanajenga ukumbi hapa Newala, na ubavuni mwake uwanja wa watoto wenye bembea mbili chini ya banda la bati. Miti ya kutoa boriti ndefu huku juu haipo, ni vichaka na mikorosho tu. Mzungu anayesimamia kaja na akili nyingine. Mbao nyembamba za makreti ya mashine, zimetoka Nachingwea, zinapigwa randa, zinapakwa gundi, zinalazwa nane nane, zinabanwa kwa vibano vya chuma siku mbili. Zikifunguliwa ni boriti moja. Hata ukucha haupiti. Watu wanamwita Bwana Gundi. Anajua, na anacheka.

Gundi ni unga mweupe. Eti umetokana na maziwa ya ng'ombe. Nilidhani Baba Roza ananitania. Lakini ndivyo unavyonuka, maziwa yaliyochacha na chokaa.

Kazi niliipata kwa uji. Mafundi walikuwa wanakoroga wenyewe, madonge matupu. Bwana akapita nyumbani kumtafuta Baba Roza, akanikuta namkorogea mtoto uji wa mtama. Akachungulia sufuria. Donge hakuna. Akasema, "Huyu." Neno moja tu. Baba Roza akasimama pale kama aliyepewa cheo ni yeye.

Sharti ni moja. Maji vikombe viwili, unga kimoja, koroga. Inakuwa ngumu kama ugali. Iache. Naanza mshale mrefu wa saa ukiwa juu kabisa; ukivuka namba nne, inalainika yenyewe. Maji usiongeze. Bwana kaniazima saa ya mezani kwa ajili hiyo. Naitia ufunguo kila asubuhi.

Maji analeta Mama Zuhura, jirani yangu. Ni mkubwa kwangu, namwamkia. Anateremka bondeni alfajiri na anapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mimi tangu kumzaa Roza kile kilima sikiwezi, nilichanika vibaya. Nilijaribu mara moja, nikarudishwa nimeshikwa mkono. Kwa hiyo maji ya gundi ni yake, na ya nyumbani kwangu ni yake. Ananicheka: "Ninyi Wamakua wa Masasi mmezoea kisima mlangoni. Huku maji ni mzee. Unamfuata wewe ukamwamkie."

Wiki hii tunabandika boriti za bembea. Moja ya wakubwa, moja ya wadogo. Nikifumba macho namwona Roza anapaa.

Alhamisi, 8 Agosti

Roza ana homa tangu jana. Sikulala. Asubuhi nikambeba mgongoni nikaenda kazini hivyo hivyo.

Saa nilisahau kuitia ufunguo.

Nilikoroga, nikaweka chini, nikaitazama saa. Nikambembeleza mtoto. Nikaitazama tena. Mshale pale pale. Ndipo nikajua imelala, na sijui imelala tangu lini. Gundi ngumu. Nikaigusa kwa mwiko, ngumu. Mafundi kule wameshapanga mbao, wanaita, "Gundi! Mama Roza, gundi!" Bwana hayupo, kaenda Masasi kufuata bolti. Baba Roza yuko juu ya ukuta wa ukumbi. Roza anagumia mgongoni, anachoma kama jiwe la jikoni.

Nikaona nimeiharibu. Nikaona watasema, mwanamke kapewa kazi akaiharibu.

Uji ukiwa mzito unafanyaje? Nilikuwa na kibuyu cha maji ya kunywa ya Roza. Nikamimina. Sikupima. Nikakoroga ikawa laini, inateleza, nzuri. Uji wa mgonjwa kabisa.

Wakaisifu. Mmoja akasema, "Leo Mama Roza umetia na sukari?" Ikapakwa kwenye boriti ya wakubwa, ikabaki nyingi, maana ilikuwa imeongezeka. Walipoita sufuria ya pili, ya boriti ya wadogo, nikawapa ile iliyobaki. Ile boriti ni fupi, ikatosha. Wakadhani nimekoroga mpya. Sikusema ni mpya. Sikusema si mpya.

Mtungi wa pili wa Mama Zuhura, wa kukorogea sufuria hiyo, ukabaki umejaa. Nikautumia kumkanda mtoto.

Jumamosi, 10 Agosti

Homa imeshuka. Kaomba uji.

Vibano vimefunguliwa. Boriti zote mbili zimetoka zimenyooka. Nimepitisha ukucha kwenye maungio, kila ungio, mwanzo mpaka mwisho. Haupiti. Baba Roza kaniuliza natafuta nini. Nikasema natazama tu.

Basi. Huenda sharti lile ni la Wazungu tu, kama wanavyochemsha kila kitu.

Saa nimeitia ufunguo mara mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Nina aibu. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba, sitaki mtu anione uso.

Leo bembea zimejaribiwa. Boriti zimeshapakwa rangi ya kijani, zimewekwa chini ya bati, minyororo imefungwa. Watoto wamejaa ukingoni tangu asubuhi. Bwana akasema kabla ya mtoto, watu wazima. Mafundi sita wakajitundika kwenye boriti ya wakubwa kama popo, wanacheka, wanatikisa miguu. Nami nilikuwa nacheka.

Ikalia. Si kwa kishindo. Tii. Kisha tii nyingine. Rangi ikapasuka mstari mrefu, na mbao zikaachana kama midomo, moja moja, polepole kama maganda ya kitunguu. Mafundi wakaruka. Hakuna aliyeumia. Watoto wakapiga kelele wakidhani ni mchezo.

Bwana hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Akapanda ngazi, akakwangua gundi kwa kisu, akainusa, akaionja kwa ulimi. Akasema unga ni wa debe lile lile, boriti za ukumbi ni nzima. Kwa hiyo ni maji. Akauliza siku ile maji yalitoka wapi. Wakasema Mama Zuhura alileta mitungi miwili. Akanigeukia mimi. "Mtungi wa kwanza, boriti hii? Mtungi wa pili, boriti ndogo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kichwa changu mwenyewe. Kilitikisika kabla sijakiambia.

Boriti ya wadogo ikajaribiwa na watu wawili tu, maana ni ya watoto wadogo. Ikashika. Bwana akasema, naam, mtungi wa kwanza ndio mbaya. Mama Zuhura alikuwa anapanda na maji ya leo. Wakamsimamisha pale, chini ya bembea, mtungi bado uko kichwani. Wakamwambia maji yake ni machafu, labda kachota ya kukanyagwa na ng'ombe ili asiteremke mpaka chini.

Hakuutua mtungi. Akawatazama mmoja mmoja. "Maji haya mnakunywa wote. Nani kati yenu viungo vimemwachia?"

Watu wakacheka. Lakini Bwana akasema asilete tena, kuanzia kesho maji ya gundi yatakuja kwa lori. Mama Zuhura akageuka na mtungi wake. Alinipita karibu. Akasema, "Roza kapona?" Nikasema kapona, shikamoo. Sikuwa nimemwamkia tangu asubuhi. Akasema marahaba, mwanangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo asubuhi kaja na mtungi, kama kawaida. Akautua mlangoni, akasema, "Kama huyaogopi."

Nikamwambia siyaogopi.

Roza kakimbilia kikombe. Kanywa yote, kasema, "Bibi, ingine." Mama Zuhura akamwongezea. Mimi nikajitia kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ijumaa, 16 Agosti

Maneno yamefika sokoni. Vijana wana wimbo. Maji ya Mama Zuhura yanaachanisha mbao, usinywe na mumeo, yataachanisha na ndoa. Wanaimba akipita. Wanawake wawili wa njia ya juu waliokuwa wakichukua maji kwake wameacha, mmoja kwa kusema wazi, mwingine kwa kusema mtungi wake umevuja.

Mama Zuhura ni mjane, hana shamba kubwa. Ana jina lake tu. Kwamba maji yake anayachota chini kabisa, pale yanapotoka kwenye jiwe, hata kama foleni ni ndefu. Kila mtu analijua hilo. Au alilijua.

Nilikuwepo walipouimba wimbo ule. Nilitabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani. Tukaungama wote kwa sauti moja. Nikajificha ndani ya sauti hiyo kama mtu anayejificha ndani ya mahindi.

Padri katangaza uwanja wa watoto utafunguliwa Jumamosi hii. Boriti ya wakubwa itabandikwa upya baadaye. Ya wadogo iko tayari. Wazazi walete watoto.

Roza alikuwa pajani. Kanishika shavu kwa mikono miwili akanigeuza uso nimtazame, kama anavyofanya akitaka kitu. Hakutaka kitu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia Baba Roza.

Alikuwa anakula. Nikasema yote kwa mara moja, saa, homa, kibuyu, kichwa kilichotikisika. Akaacha tonge hewani. Akalirudisha sahanini. Akauliza, "Mbona hukusema siku ile?" Nikasema niliogopa. Akauliza, "Uliniogopa mimi?" Hilo ndilo lililomuuma. Nikasema hapana. Sijui kama ni kweli.

Kisha akasema ni yeye aliyesimama mbele ya Bwana akasema mke wangu ana mkono wa kukoroga. Ni yeye atakayeulizwa. Ukumbi huu ndio kazi yake ya kwanza kubwa tangu atoke karakana ya Masasi, na Bwana kaahidi kumchukua kwenye ujenzi ujao. Nikamwambia kuna jingine. Boriti ya wadogo ni sufuria ile ile.

Hapo akasimama. Sijawahi kumwona vile. Akatoka akaenda mpaka kwenye ua, akarudi.

Akasema ataipiga bolti tatu kesho kabla wenzake hawajafika. Atasema ni urembo, au ni tahadhari. Bolti zitaishika hata gundi ikiachia. Watoto watakuwa salama, hakuna atakayejua. "Gundi imeshakauka, Mama Roza. Tusiichokoe."

Nikasema, na Mama Zuhura?

Akaosha mikono. Tonge lake nikampa kuku.

Jumanne, 20 Agosti

Kapiga bolti. Nimeziona, zinang'aa. Mtoto hataumia sasa, hilo moja.

Nilitegemea nitapumua. Sikupumua. Nimegundua kitu kibaya juu yangu: nilikuwa nikijiambia naogopa kwa ajili ya watoto. Sasa watoto wamekwisha kushikwa na bolti, na bado siwezi kufungua mdomo. Kwa hiyo si watoto nilioogopa kwa ajili yao. Ni mimi.

Mama Zuhura hakuja leo. Nimekwenda kwake, kafunga mlango. Maji ya Roza nimeazima kwa jirani wa chini. Yana rangi.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemfuata Mama Zuhura kilimani.

Sikuteremka mpaka chini. Nilifika pale wanawake wanapopumzikia, kwenye mawe, ukingoni, unapoliona bonde la Ruvuma lote limelala. Nikamsubiri. Roza mgongoni. Tumbo la chini linaniuma mpaka sasa ninavyoandika.

Akapanda, peke yake. Wenzake walikuwa mbele kidogo, nadhani wanajitenga. Aliponiona akatua mtungi, akahema, akasema, "Umefuata nini huku na tumbo lako hilo?"

Nikapiga magoti. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia. Nililia, nikajikasirikia kulia, maana aliyeonewa ni yeye na mimi ndiye ninayelia.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja. "Maji uliyoongeza yalikuwa ya kibuyu cha mtoto?"

Nikasema ndiyo.

"Ni yangu hayo pia."

Nikasema ndiyo, ni yako.

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Kumbe kweli ni maji yangu." Akatazama bonde. Nikataka anipige. Akasema, "Ungenitukana mbele ya watu, ningejua la kukujibu. Wewe kila nilipokuja uliniamkia vizuri."

Sitasahau. Sitaki kusahau.

Nikamwambia leo hii nakwenda kwa Bwana, nyumbani kwake, nimwambie. Akakataa. "Nyumbani kwake? Mimi nilisimamishwa nyumbani kwake? Utasema pale pale niliposimamishwa. Chini ya bembea. Na wale waimbaji wawepo."

Akajitwika mtungi mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nimshike mtoto wangu. Tukarudi njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Hakugeuka, lakini alikwenda polepole. Najua mwendo wake. Si ule.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimesema.

Asubuhi nilimwambia Baba Roza, leo nasema. Nilidhani atanizuia. Akavaa shati, akalivua, akavaa lile la kanisani. Akasema, "Basi twende wote."

Mafundi walikuwa wamekaa wanakunywa chai, vijana wa ule wimbo wako ukingoni. Bwana anapima kitu. Mama Zuhura kasimama pembeni, mtungi mtupu mkononi, hakuna anayemkaribisha. Nikaenda mpaka chini ya bembea. Nikasema kwa sauti, maji ya Mama Zuhura hayana kosa. Mimi niliongeza maji kwenye gundi. Saa ilisimama, gundi ilikuwa ngumu, nikaongeza maji nikakoroga kama uji. Na boriti ya wadogo ni sufuria hiyo hiyo. Niliulizwa nikaitikia uongo.

Mmoja akapasuka kucheka, wakafuata wote. "Kama uji!" "Mama Uji!" "Bwana, tia chumvi basi!" Wanaume wazima wanashikana mabega. Baba Roza alikuwa anatazama viatu vyake. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Lakini hakuondoka ubavuni mwangu.

Bwana hakucheka. Aliuliza, "Maji kiasi gani?" Nikasema sikupima. Akasema, "Onyesha." Nikachukua kibuyu cha Roza nikaonyesha kwa kidole, mpaka hapa. Akaandika kwenye kijitabu. Hicho ndicho alichotaka kujua! Mimi nakufa pale, yeye anaandika kipimo.

Kisha akaona bolti. Akamtazama Baba Roza. Baba Roza akasema, "Ni mimi, Bwana. Niliogopa watoto wataanguka, na niliogopa kusema." Wote wawili basi. Bwana akatikisa kichwa muda mrefu. Akaamuru bolti zitolewe na watu sita wajitundike.

Tii.

Midomo. Pale pale Roza angekaa Jumamosi.

Nikakaa chini. Mama mmoja aliyeleta mwanawe kutazama akambeba mtoto wake akaondoka naye haraka, akinitazama.

Bwana akamgeukia Mama Zuhura. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, mimi nilikosea. Kesho lete maji."

Mama Zuhura akasema maji yake ni machafu, Bwana mwenyewe alisema. Kama anataka kujua yanatoka wapi, njia ipo. Akaenda zake.

Mafundi wakarudi kwenye vikombe vyao vya chai.

Jumamosi, 24 Agosti

Uwanja haukufunguliwa. Watoto wamekuja wamevaa vizuri, wakarudishwa. Kuna kitoto kilikuwa na utepe kichwani. Ni mimi niliyekirudisha.

Sokoni naitwa Mama Uji. Mwuza vitunguu kauliza kama nataka chumvi. Ninainamisha kichwa napita. Inauma, lakini inauma vizuri kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa ndani, inanuka.

Wimbo wa vijana umebadilika. Sasa ni wangu. Wa Mama Zuhura umekufa.

Jumanne, 27 Agosti

Bwana kateremka bondeni.

Kwa miguu, na fimbo. Wanawake wamesimulia siku nzima. Kaanguka mara mbili. Kafika chini mwekundu kama pilipili, kapiga magoti pale yanapotoka kwenye jiwe, kanywa kwa mikono. Kupanda, wamempumzisha mara tano. Mama Zuhura alikuwa mbele na mtungi wake umejaa, kila akifika kwenye mawe anamgojea, anamuuliza, "Bwana, nikupokee fimbo?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajiuliza kama nina ruhusa ya kucheka.

Jioni Bwana kaja nyumbani. Hakukaa. Akasema Mama Zuhura atarudi kuleta maji, ila ametoa sharti. Nikajua ni mimi nisionekane pale. Nikasema sawa Bwana, ni haki yake.

Akasema hapana. Sharti ni kwamba gundi akoroge yule yule. Mama Zuhura kasema, "Maji yangu yaliharibiwa jina na mkono ule. Mkono ule ule uyasafishe, nami niwe nimekaa nautazama."

Baba Roza akageukia ukutani. Sijui alikuwa anacheka au analia.

Kazi ya ujenzi ujao Bwana hakuitaja. Hatukuuliza.

Jumatatu, 2 Septemba

Niko uwanjani. Naandika kwenye goti.

Gundi nimeikoroga. Maji vikombe viwili, unga kimoja. Nilipima, Mama Zuhura akapima baada yangu. Sufuria iko katikati yetu, saa juu ya jiwe. Mshale umevuka namba mbili.

Ni ngumu. Nikiitazama mkono unawasha. Kila kitu nilichofundishwa na mama yangu kinasema, ongeza. Nimeukalia mkono.

Mama Zuhura amekaa mbele yangu kwenye kigogo, kanga amejifunga vizuri, hasemi. Tangu asubuhi kaniambia maneno mawili tu, sogea kivulini. Bado hajaniita mwanangu. Sikumtegemea. Nilimwamkia nikapata marahaba, na ile marahaba ilikuwa fupi. Inatosha kwa leo.

Mafundi wamepanga mbao. Hawaiti. Mmoja alifungua mdomo kuita, Baba Roza akamtazama.

Roza amelala pajani mwa Mama Zuhura. Alikwenda mwenyewe, hajui lolote, akapanda akalala. Mama Zuhura hakumtoa. Mkono wake mmoja umemfunika uso mtoto, jua lisimpige. Kibuyu chetu kiko mkono wake wa pili, amekishika kwa shingo, mbali nami. Anadhani sioni. Naona. Ana haki.

Namba tatu.

Nimesogeza kichwa nichungulie. Pembeni, kwenye ukingo wa sufuria, imeanza kung'aa. Yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa hivyo hivyo siku ile, bila shaka, ningesubiri kidogo tu. Kitu chenyewe kilikuwa kinakuja, na mimi sikukiamini. Nikimwambia Roza akikua, nitamwambia hivi, kwamba mama yako alikuwa na haraka ya kuonekana anajua, na kwamba bibi yako huyu aliyekupakata ndiye ali—

Mama Zuhura kaniita: "Mama Roza! Mshale! Namba nne!"